Jinsi ya Kuzitumia Ngano za Kijapani Katika Kuandika Historia ya Dunia ya Kisasa

Mtu anayevutwa kwa wakati mmoja na historia ya dunia ya karne mbili zilizopita na ngano za Japani hukumbana mapema na ugumu wa kuyaweka mambo hayo mawili katika kazi moja. Upande mmoja ana mikataba, vita, reli na hesabu za waliokufa. Upande wa pili ana kambare anayetikisa ardhi, mbweha wanaowapanda watu vichwani na mazimwi wenye pembe wanaoishi kisiwani. Wengi huishia kuipamba kwa ngano aya ya kwanza, kisha huiacha na kwenda kwenye kile wanachokiita historia yenyewe. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambamo ngano inasimama kama ushahidi, na visa vyake vingi vinatoka katika kipindi cha kuanzia 1846 hadi 1945, ambapo Japani ilitoka katika utawala wa ukoo wa Tokugawa, ikafungua bandari zake, ikajenga reli na jeshi, ikawa dola, na hatimaye ikashindwa vitani.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba kazi yako si kutafuta umri wa ngano, bali tarehe ambayo mtu fulani aliisimulia, aliiandika au aliiuza. Imani ya kuwa chini ya ardhi ya Japani amelala kambare mkubwa, na kwamba mungu wa hekalu la Kashima humkandamiza kwa jiwe asifurukute, ilikuwapo tangu zamani, lakini imani isiyo na mwaka haimsaidii sana mwandishi wa historia ya kisasa. Anachokihitaji ni usiku wa tarehe 11 Novemba 1855, pale Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo, lilipopigwa na tetemeko la ardhi lililoua maelfu ya watu. Muda mfupi baadaye wachapaji walianza kuuza picha za kambare huyo, zilizochongwa kwenye vibao vya mbao na kuchapwa bila muhuri wa wakaguzi wa serikali, na kabla hazijazimwa aina zake zilikuwa zimefikia mamia.

Ukiipata picha mojawapo ya hizo, usikimbilie maana yake. Andika kwanza kinachoonekana: ni nani anampiga kambare, nani anamzuia anayepiga, nani anacheka, na sarafu zinatoka wapi. Katika picha nyingi umati umemvamia kambare kwa marungu na vyombo vya jikoni, kama ilivyotarajiwa. Katika nyingine, hata hivyo, maseremala, wapiga lipu na wauza mbao wanamtetea, kwa sababu jiji lililobomoka lilikuwa limewaletea kazi kuliko walivyowahi kupata, na ziko picha ambamo matajiri wanatapika sarafu za dhahabu huku mafukara wakiziokota. Wakati huo ndipo lilipovuma neno yonaoshi, yaani kuitengeneza dunia upya. Imo pia picha ambayo kambare amegeuka meli nyeusi inayorusha pesa hewani, na hapo ndipo tetemeko la Edo linapokutana na historia ya dunia. Meli nne za kivita za Marekani chini ya Matthew Perry zilikuwa zimetia nanga karibu na Edo mwezi Julai 1853, na mkataba wa kwanza ulikuwa umetiwa saini Machi 1854. Mchongaji wa vibao hakuhitaji kuisoma hati ya mkataba ule ili aseme kwamba nchi imetikiswa na kwamba wako watakaonufaika.

Hapa inafaa kutaja suala la kalenda, ambalo huwaangusha wengi. Tetemeko hilo katika hati za Kijapani liko tarehe 2 ya mwezi wa 10, mwaka wa pili wa Ansei (Wajapani huhesabu miaka kwa majina ya enzi, kama Ansei na Meiji), na mwandishi mwenye haraka huandika 2 Oktoba 1855 na kukosea kwa zaidi ya wiki tano. Msomaji aliyezoea mwandamo wa mwezi wa Hijria ataelewa upesi kwa nini miezi miwili yenye namba moja haifanani, ila asisahau tofauti iliyopo: kalenda ya kale ya Kijapani iliongezewa mwezi wa 13 kila baada ya miaka michache ili isiachane na majira ya kilimo, jambo ambalo kalenda ya Hijria hailifanyi. Siku iliyofuata tarehe 2 ya mwezi wa 12, mwaka wa 5 wa Meiji, serikali iliitangaza kuwa 1 Januari 1873, na tangu hapo tarehe zinalingana na zetu. Kwa hiyo kila tarehe ya kabla ya siku hiyo igeuzwe, na kwenye daftari lako uandike zote mbili. Katika kisa cha kambare namba ya mwezi ina maana yake pia, kwa sababu ilisemekana kuwa mwezi wa 10 miungu yote huenda kukutana katika hekalu la Izumo. Kwa hiyo mungu wa Kashima hakuwapo kazini siku kambare alipofurukuta. Ukiandika Oktoba au Novemba peke yake, mzaha huo wote unapotea.

Tahadhari inayokwenda pamoja na hilo ni kutoitandaza ngano juu ya miaka ambayo haina ushahidi. Mfano mzuri ni Amabie, kiumbe mwenye nywele ndefu, mdomo wa ndege na magamba, ambaye karatasi moja ya mwaka 1846 inasema alitokea baharini katika jimbo la Higo, akatabiri miaka sita ya mavuno mema pamoja na maradhi, kisha akaagiza picha yake ichorwe na kuonyeshwa watu. Karatasi hiyo imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Kyoto, na ndiyo pekee inayojulikana yenye jina hilo. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, Amabie alienea katika mitandao hadi Wizara ya Afya ya Japani ikamweka kwenye bango lake. Atakayeandika kwamba Wajapani tangu enzi na enzi wamekuwa wakimtumia Amabie dhidi ya maradhi atakuwa amejaza miaka 174 kwa maneno yake mwenyewe. Kisa cha kweli kinavutia zaidi: karatasi moja iliyokaa kimya, kisha taifa zima likaihitaji.

Baada ya tarehe, uliza ngano imepita katika mdomo wa nani na kalamu ya nani. Lafcadio Hearn, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, Ugiriki, na kufika Japani mwaka 1890, ndiye aliyewafanya wasomaji wa Ulaya na Marekani waijue mizimu ya Kijapani, na mkusanyo wake mashuhuri, Kwaidan, ulitoka mwaka 1904, mwaka uleule vita vya Urusi na Japani vilipoanza. Lakini Hearn hakukimudu Kijapani cha vitabu, na nyingi ya hadithi hizo alisimuliwa nyumbani na mke wake, Koizumi Setsu, aliyetoka katika familia ya samurai wa Matsue iliyofilisika baada ya mapinduzi ya Meiji, yaliyouondoa utawala wa Tokugawa. Kwa hiyo unapomnukuu Hearn unanukuu angalau watu wawili, na mmoja wao ni mwanamke ambaye historia ya kisasa ilikuwa imempokonya hadhi ya ukoo wake. Kwa maoni yangu, huyo ndiye anayestahili aya ya kwanza.

Yanagita Kunio naye anahitaji uangalifu wa aina hiyo. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyeshughulika na mambo ya kilimo, akakutana na kijana wa karibu na mji wa Tono, kaskazini mashariki mwa Japani, aitwaye Sasaki Kizen, na mwaka 1910 akachapisha visa 119 alivyovisikia kwake, katika nakala 350 tu. Sasaki alisimulia kwa lafudhi ya kwao. Yanagita aliandika kwa Kijapani cha kimaandishi, kifupi na kikavu, ambacho mkulima yeyote wa Tono asingekitamka. Tofauti hiyo usiifiche. Sema wazi kwamba sauti unayoisikia ni ya ofisa wa Tokyo anayeikumbuka sauti ya kijana wa mashambani, katika mwaka uleule ambao Japani iliitwaa Korea.

Kisa cha 99 katika mkusanyo huo ndicho ninachokipendekeza kwa yeyote anayetaka kujifunza kazi hii. Mwanamume mmoja aliyeoa katika kijiji cha pwani alifiwa na mkewe na baadhi ya watoto katika tsunami, akabaki na watoto wawili, akajenga kibanda mahali palipokuwa nyumba yake. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa mbalamwezi wenye ukungu, alitoka kwenda chooni, akaona mwanamume na mwanamke wakitembea ufukweni. Mwanamke alikuwa mkewe. Akawafuata mbali, akamwita kwa jina, naye akageuka na kutabasamu. Mwanamume aliyekuwa naye alikuwa mtu wa kijiji chao ambaye pia alikufa katika tsunami ile, na ambaye inasemekana alipendana na mwanamke huyo kabla hajaolewa. Mke akasema kwamba sasa ameolewa na huyo. Mume akamuuliza kama hawapendi watoto wake. Uso wake ukabadilika rangi kidogo, akalia. Kisha wawili hao wakaondoka upesi, na mume, alipokumbuka kwamba ni wafu, akasimama njiani hadi kulipokucha, akarudi nyumbani na kuugua kwa muda mrefu.

Ukikisoma kama hadithi ya mizimu, kitakusisimua tu. Kiweke sasa kando ya waraka. Tsunami hiyo ni ya jioni ya 15 Juni 1896, iliyoua watu wapatao 22,000 kwenye pwani ya Sanriku. Tetemeko lililoitangulia lilikuwa dhaifu, na watu hawakukimbia. Ilikuwa tarehe 5 ya mwezi wa 5 kwa kalenda ya zamani, sikukuu ya watoto wa kiume, nayo vijiji viliendelea kuisherehekea kwa hesabu ya zamani miaka 23 baada ya serikali kuifuta. Mahali pengine walikuwa pia wanawapokea askari waliorudi kutoka vita dhidi ya China. Takwimu inakupa ukubwa wa msiba. Waraka wa serikali unakupa misaada na kujenga upya. Hakuna kati ya hivyo kinachokupa yale aliyobaki nayo mjane mmoja wa kiume: kwamba pengine hata kabla ya bahari kumchukua, mke hakuwa wake moyoni. Andika kisa hicho mahali ambapo nyaraka zinanyamaza, wala usijaribu kuamua kama mwanamume yule alimwona mkewe kweli. Swali hilo si la fani yetu.

Kuna mahali pengine ambapo ngano na waraka havinyamaziani bali vinagombana, na hapo ndipo pana utajiri mkubwa kuliko pote. Tarehe 28 Desemba 1872 serikali ya Meiji ilitoa tangazo la kuandikisha vijana wote jeshini, na ndani yake ikaeleza kwamba watu wa Magharibi huuita wajibu huo kodi ya damu, maneno yaliyotokana na msemo wa Kifaransa. Vijijini maneno hayo yalichukuliwa kama yalivyo. Uvumi ukaenea kwamba vijana watakamuliwa damu na kuuziwa wageni, na kwamba hata nyaya mpya za telegrafu zilipakwa damu. Mwaka 1873 ghasia zililipuka katika sehemu kadhaa za magharibi mwa Japani, na katika eneo la Mimasaka, ambalo leo ni sehemu ya mkoa wa Okayama, waliofanya ghasia walichoma nyumba na kuwaua watu wa jamii zilizotengwa, ambao miaka miwili tu kabla ya hapo walikuwa wametangaziwa usawa na raia wengine. Jambo hili la mwisho usiliruke. Mwandishi anayependa ngano huwa mwepesi kuwaona wanaozisimulia kuwa wanyonge wenye hekima. Hapa wanyonge wenye hofu waliwaua waliokuwa wanyonge kuliko wao.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa sana uvumi wa namna hiyo, kwa kuwa mumiani na wazimamoto wanaonyonya damu walisimuliwa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala katika enzi ya ukoloni, na wanahistoria wameyatumia masimulizi hayo kueleza jinsi watu walivyoielewa kazi ya mshahara, hospitali na serikali ya kigeni. Ulinganisho huo utumie kama taa, usiutumie kama kipimo: wakulima wa Mimasaka waliogopa serikali ya Kijapani iliyokuwa inaiga wageni, na hiyo ni hofu tofauti na ya mtu anayetawaliwa na mgeni mwenyewe.

Ngano pia husafiri, na safari yake mara nyingi hufuata njia za biashara na za maradhi. Mwaka 1858 kipindupindu kiliingia Nagasaki pamoja na meli ya Marekani iitwayo Mississippi, na watu wakauita ugonjwa huo korori, neno linaloeleza mtu anavyoanguka ghafla na ambalo wengine waliliandika kwa herufi za simbamarara, mbwamwitu na tanuki, yule mnyama mfupi wa jamii ya mbwa anayesifika kwa hila. Ikasemwa pia kwamba wageni wameleta mbweha wao. Katika miaka ya 1880 ulizuka mchezo wa kokkuri, ambapo watu huweka mikono juu ya kitu kilichosimamishwa kwa vijiti vitatu vya mianzi na kukiuliza maswali, na jina lake likaandikwa kwa herufi za mbweha, mbwa na tanuki. Inoue Enryo, mwanafalsafa aliyeanzisha mwaka 1887 shule ambayo baadaye ilikuwa Chuo Kikuu cha Toyo, aliuchunguza akafikia hitimisho kwamba ulitoka kwa mabaharia wa Marekani waliofika Shimoda, bandari iliyofunguliwa na mkataba wa 1854; yaani meza za Wamarekani walioita roho za wafu, mtindo uliovuma kwao tangu 1848, zilikuwa zimevishwa ngozi ya mbweha. Hadithi za reli nazo ni za kundi hili: dereva husikia usiku king'ora cha treni inayokuja mbele yake, husimama na kukuta hakuna kitu, hadi siku moja anapoamua kupita moja kwa moja, na asubuhi anaokotwa tanuki aliyekufa kando ya reli.

Kwa utafiti wenyewe, mahali pa kuanzia ni hifadhidata ya masimulizi ya viumbe wa ajabu ya Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Masomo ya Kijapani kilichoko Kyoto, yenye maingizo zaidi ya 35,000 yanayoonyesha mkoa na chapisho kilipotoka kila kisa, na nyaraka za serikali zitafutwe katika makavazi ya kidijitali ya Maktaba ya Bunge. Bila Kijapani utategemea tafsiri, na hilo si aibu mradi uliseme. Picha ndizo zinazodanganya zaidi. Sura nyingi za yokai, yaani viumbe wa ajabu wa ngano, zinazodhaniwa kuwa za kale zilichorwa na mchoraji Toriyama Sekien kuanzia 1776, na baadhi yake alizibuni mwenyewe kwa kuchezea maneno. Nyingine zilienezwa na mchora katuni Mizuki Shigeru, aliyepoteza mkono wa kushoto katika kisiwa cha New Britain wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kabla ya kuiita picha ya kale, tafuta ni nani aliyeichora kwanza.

Ukishazoea kazi ya mwaka mmoja mmoja, chagua ngano moja uifuate kwa miongo kadhaa. Inayofaa zaidi ni ya Momotaro, mtoto aliyezaliwa ndani ya tunda la pichi, akaenda na mbwa, nyani na fesanti, ndege wa jamii ya kuku, kuwashinda mazimwi wa kisiwani na kurudi na hazina yao. Mwaka 1871 mwandishi na mwalimu Fukuzawa Yukichi, katika maandishi ya kuwafunza wanawe, alimwita mtoto huyo mwizi, kwa hoja kwamba hazina ilikuwa mali ya mazimwi. Mwaka 1887 ngano hiyo ikaingia katika kitabu cha shule. Mwaka 1894, vita dhidi ya China vilipoanza, mwandishi Iwaya Sazanami akaitoa kama kitabu cha kwanza katika mfululizo wake wa hadithi za watoto. Mwaka 1943 filamu ya vikaragosi ikamfanya Momotaro kuwa kamanda wa mashambulizi dhidi ya kisiwa kinachofanana na Hawaii. Panga matoleo haya mezani kwa mwaka, na kwa kila moja jibu swali moja tu: mazimwi ni akina nani safari hii?

Toleo linalofuata ni filamu ndefu iliyotengenezwa kwa fedha za jeshi la majini, ambamo wanyama wa visiwa vya kusini wanafundishwa herufi za Kijapani kwa wimbo, na maofisa wa Kiingereza, wenye pembe kichwani, wanalazimishwa na Momotaro kusalimu amri bila masharti. Ilianza kuonyeshwa Aprili 1945, mwezi mmoja baada ya Tokyo kuteketezwa kwa mabomu usiku wa kuamkia 10 Machi, wakati ambapo watoto wengi wa mijini walikuwa wamehamishiwa mashambani na majumba ya sinema yalikuwa na viti vitupu. Unapoiandika, eleza tukio lile la kusalimu amri kwa ukamilifu, ukitaja meza, kiti na kigugumizi cha maofisa, kisha katika aya hiyohiyo weka 15 Agosti 1945, siku ambayo sauti ya mfalme ilisikika redioni, na uendelee na sura inayofuata.